Shangazi na Sawa Zake

Watoto wa shangazi yangu wana kundi la familia kwenye simu, na humo ndani hakuna jambo ambalo mama yao aliwahi kulipinga. Bintiye aliuliza kama mtoto apewe jina la ukweni: sawa mwanangu, Mungu awabariki. Kitindamimba akatangaza kwamba anaacha chuo akapige gitaa: sawa mwanangu, Mungu awabariki. Sisi wengine, ambao chuo tulichokiacha njiani hutajwa kila tunaponyoosha mkono kuongeza mboga, tulimwonea wivu kweli.

Siri ni kwamba Shangazi hakuwa anasoma hata neno moja.

Kusoma anajua, tena vizuri. Shida ni simu waliyomnunulia. Herufi zake ni kama mayai ya chawa, za kijivu juu ya weupe, na aliyezipanga lazima ni kijana ambaye mama yake hana simu. Shangazi aliisogeza mbali, akaisogeza mbali zaidi, mpaka mkono ukamwishia. Akajaribu kuingia kwenye tovuti ya duka la vitambaa, akakuta bei, rangi na upana vyote vimeandikwa kwa nyayo za sisimizi, akairudisha simu mfukoni na kwenda dukani kupapasa vitambaa kwa vidole. Ila kwenye kundi aligundua kitu: ukiandika "sawa" mara nyingi, simu yenyewe inazoea, inakuletea sentensi iliyobaki. Akawa anabonyeza tu.

Miwani hataki kuisikia. Yeye ni fundi cherehani, na anasema fundi akivaa miwani wateja wanaanza kukagua pindo. Sindano anaitunga kwa kijiwaya, mishono anaifuata kwa kidole gumba. Mara nyingi inatoka safi. Kuna mteja mmoja alirudisha suruali ambayo mfuko wake ulishonwa ukafungwa kabisa, Shangazi akamwambia hiyo ni kinga ya wezi.

Habari za mfuko huo zilifika kwa mwanawe wa kwanza, mhasibu, mtu wa kupanga mambo. Akaandika ujumbe mrefu kwenye kundi. Kwamba Mama apumzike sasa. Kwamba chumba cha mbele, chenye cherehani zake, kipangishwe kwa mwenye saluni, cherehani zigawiwe, na Mama ahamie kwake. Kwamba kama ana neno, aseme. Mama akasema, kabla hata chai yake haijapoa: sawa mwanangu, Mungu awabariki. Wanawe wakamwaga vikopa vya upendo ukurasa mzima.

Siku mwenye saluni alipokuja nilikuwa kwenye benchi la Shangazi, nasubiri suruali ambayo ilikuwa ya "kesho" tangu wiki iliyopita. Mgeni huyo aliingia na futi ya kupimia, akasalimia, akaanza kupima ukuta. Shangazi akadhani ni wa mapazia. Akavua futi yake shingoni, akapima ukuta wa pili, akamshauri asichukue kitambaa chepesi maana jua la huku ni kali. Yule akasema yeye atabandika vioo. Shangazi akasema vioo havizuii jua. Walizungukana hivyo, kila mtu na futi yake, mpaka mwenye saluni akachoka kwa adabu, akatoa simu na kumsomea ujumbe wote aliotumiwa na mhasibu, pamoja na ile sawa ya chini.

Shangazi alikaa kwenye kiti cha cherehani, akashika gurudumu lake kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

Nikaona alipokwama. Akisema hakukubali, jibu lake liko pale na watoto wote wamelibusu. Akisema hakulisoma, amekiri kwamba macho yamekwisha, na macho ndiyo sababu yenyewe ya kumnyang'anya chumba. Mchana, mwenye saluni akiwa bado anapimapima, mhasibu akaja na gari la kubebea cherehani, anatabasamu. Shangazi akaanza kuzungushazungusha maneno: kuna sare hazijaisha, kuna bwana harusi hajachukua koti, kuna mimi na suruali yangu. Mwanawe akamwambia kwa upole kwamba si alikubali mwenyewe.

"Sikusoma," Shangazi alisema.

"Hukusoma nini, Mama?"

"Huo waraka wako. Wala za wenzako. Sioni, mwanangu. Naona siafu wanapita, nabonyeza."

Mhasibu alikaa kwenye benchi, karibu yangu, bila kuangalia anakalia nini.

"Hata nilipoandika kwamba nimeachishwa kazi?"

"Uliachishwa kazi?"

"Mwaka jana. Ukanijibu sawa mwanangu. Nikajiambia, kama Mama hajashtuka, nitapona. Ndiyo iliyonitoa kitandani ile."

Shangazi akaliachia gurudumu la cherehani. "Ningeisoma, nisingekujibu sawa," alisema. "Ningepanda gari nije."

Mwenye saluni akajifanya anapima dirisha.

Mhasibu akaichukua simu ya mama yake, akaingia kwenye mipangilio, akavuta herufi zikakua, akavuta tena, mpaka maneno mawili tu yakajaza mstari. Kilikuwepo humo humo muda wote, kitu cha kuvuta kwa kidole. Akamrudishia. Shangazi akautafuta ule ujumbe wa kuhama akausoma kwa sauti, wote tukisikiliza, na mhasibu, mwenye maneno hayo, akazidi kuinama. Alipofika kwenye "macho yako hayakusaidii tena" akamnyooshea mwanawe kidole. Akasema hapo umesema kweli, akaendelea mpaka nukta ya mwisho.

Kisha akaandika jibu. Simu ikamletea sawa, akaifuta. Ikamletea tena, akaifuta. Herufi moja moja akaandika "Hapana", kubwa kiasi kwamba niliisoma nikiwa kwenye benchi.

Bintiye akapiga simu palepale kuuliza kama simu ya Mama imeibiwa.

Gari liliondoka bila cherehani hata moja, dereva akampa mwenye saluni lifti, lakini mhasibu hakukubali kuondoka bila kitu. Alisimama mlangoni akasema cherehani zibaki, chumba kibaki, ila kesho anakuja kumpeleka akapimwe macho, na hilo si la kuandikiana.

Shangazi akauliza kama siku hizi kuna miwani isiyoonekana sana usoni.