Siku Nilipopamba Kanisa kwa Kahawa ya Wakwe

Nimeshona nguo za watu mjini Butembo kwa zaidi ya miaka arobaini, suti za maharusi, sare za wanafunzi, hata mavazi ya wachungaji, na sasa ni mzee ambaye kwa haki angesalimiwa kwa mikono miwili, lakini nikifika Beni kwa wakwe wa mjukuu wangu, watu wa nyumba ile wanaficha makasi kwanza, ndipo wananisalimu. Sisemi kwamba wananionea. Nilijitafutia mwenyewe, na kwa kuwa habari hii imeshasimuliwa na kila mtu isipokuwa mimi (na kila anayeisimulia anaongeza nyuki), acheni leo niiseme kama ilivyokuwa.

Mjukuu wangu Kahindo alikuwa anaolewa na kijana wa Beni, Kasereka, katika mwezi wa tatu, mvua zikiwa ndiyo zimeanza. Kasereka alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake, Mama Kanyere, mjane mwenye nyumba na shamba la kahawa pembezoni mwa mji, na ni kahawa hiyo iliyomsomesha kijana mpaka akawa mwalimu. Mama huyo hakuwa ameipokea sana ndoa hii. Siku ya kupeleka mbuzi wa mahari alisema waziwazi, tukiwa tumekaa na soda mkononi, kwamba wasichana wa Butembo wanakuja na maneno mengi na majivuno ya mjini, na kwamba yeye atangoja aone. Kahindo aliyabeba maneno hayo. Kila jioni akipita kwangu alikuwa na swali moja tu, "Koko, unawaza ule mama atanipenda?" (koko ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyotuita babu na bibi), na mimi nilikuwa namjibu kwamba atampenda tu, kana kwamba moyo wa Mama Kanyere nilikuwa nimeupima kwa futi ya kushonea.

Basi Kahindo alikuwa ameona katika simu maharusi wa Ulaya wamesimama chini ya tao la maua meupe, akaja kwenye kikao cha kamati ya harusi akatangaza, "Tunafanya harusi ya printemps." Nilicheka. Hiyo printemps, msimu wa maua wa Wazungu baada ya baridi, naijua tangu sekondari, tulikariri misimu minne ya Wazungu, tukachora theluji inayeyuka na ndege wanarudi, huku mvua inapiga bati la darasa mpaka sauti ya mwalimu haisikiki, na hakuna aliyetuuliza kama theluji tumewahi kuiona. Espérance, msichana wa kupamba, akafungua gunia akatuonyesha maua yake ya plastiki, ambayo yalikuwa yamehudhuria harusi nyingi kuliko mchungaji yeyote wa Butembo.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Ningeweza kunyamaza na kunywa chai. Badala yake nilisimama nikasema kwamba mjukuu wangu hawezi kuolewa chini ya plastiki, kwamba kama anataka msimu basi msimu wa kwetu uko nyuma ya nyumba yangu, kahawa ya marehemu baba, mvua imeshaipiga, wiki ijayo itakuwa nyeupe na harufu yake italijaza kanisa zima. Kamati ilipiga makofi. Espérance peke yake hakupiga.

"Koko, ua ya kahawa inakaaka siku ngapi?"

"Siku za kutosha," nikamjibu.

(Ni siku mbili, zikizidi tatu. Nilijua. Nimekulia chini ya miti hiyo.) Yeye akakunja gunia lake, akaliahidi kwa harusi nyingine ya Jumamosi ileile ya harusi yetu.

Kahawa yangu ilichanua Jumanne. Niliwaita majirani waje waone, tukasimama pale tukinusa kama watu wa maana. Alhamisi asubuhi nikaenda na makasi yangu makubwa ya kukatia kitambaa nikakuta maua yote yamegeuka rangi ya chai, mengine yako chini kwenye matope. Mtu mwenye akili angeenda siku hiyohiyo kwa Espérance kumwambia, nimekosea, tafuta plastiki kokote. Mimi nilichukua kapu kubwa, nikalijaza majani ya migomba, nikalifunga kamba, na kila aliyeniuliza maua yako wapi nikaligonga kapu kwa kiganja.

Ijumaa tukapanda gari kwenda Beni, ambako ndoa ingefungwa kesho yake, na kapu langu likakaa mbele kama mgeni rasmi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja aliuliza ndani kuna nini, nikasema maua ya harusi, akafungua kidogo, akapekua, akaniangalia.

"Papa, fololo iko wapi? Mimi naona majani tu."

"Iko chini," nikasema kwa sauti ya chini, "inaogopa jua."

Alifunga kamba mwenyewe, kwa heshima, jinsi mtu anavyofanya mbele ya mgonjwa.

Sisi wa upande wa bibi harusi tulilazwa kwa Mama Kanyere. Alitupokea kwa ugali na samaki, akamwita Kahindo "mugeni", si "mwanangu", na Kahindo akaosha sahani zote pamoja na zile zilizokuwa safi. Kulipopambazuka nikatoka nyuma ya nyumba kunawa uso, na kabla sijaona kitu, harufu ilinishika. Shamba lote lilikuwa limechanua usiku huo. Matawi yalikuwa meupe kuanzia shina mpaka ncha, na umande bado juu yake.

Ninaapa kwamba nilifikiri kuomba ruhusa. Lakini kuomba kungetaka nieleze, na kueleza kungefungua kapu. Akina mama walikuwa wamekwenda kupika kanisani, waliobaki wamelala. Nikajiambia kwamba nitakata ya chini tu. Nikajiambia kwamba wataalamu wenyewe wanashauri kupunguza matawi. Nikajiambia hata kwamba ninamsaidia mama wa watu. Mtu aliyechuma kahawa utotoni anajua kwamba kila ua ni punje, na kwamba anayekata tawi lililochanua anakata mfuko wa mwezi wa kumi, na hayo yote niliyajua huku makasi yakienda. Nilikata kwenye safu ya kwanza, miti mizuri kuliko yote, kapu likajaa, nikarudi ndani nikalala tena, nikijifanya nakoroma.

Kanisani Espérance alifungua kapu akagusa tawi la juu.

"Koko, hii ilitoka Butembo jana?"

"Jana."

"Na umande iko bado juu?"

"Baridi ya Butembo," nikasema.

Hakuniamini, lakini alikuwa na tao la kupamba na saa mbili za kulipamba, na kusema kweli alilipamba vizuri. Kwenye tawi moja alikuta kipande cha kitambaa cha bluu kimefungwa, akakiacha kining'inie katikati, juu kabisa, akasema kinafanana na mbingu ya printemps. Mimi fundi wa nguo nilikitazama nikaona ni pamba ya bei rahisi, basi.

Mama Kanyere alipoingia alisimama mlangoni akavuta pumzi. "Mukwe, hii harufu ni kama ya kwangu."

"Kahawa ni kahawa, mama. Hii nimeitoa kwangu, Butembo."

Akanishika mkono akanishukuru. Alinishukuru kweli, akasema hakujua kwamba watu wa Butembo wanaheshimu kahawa namna hii, akaenda kukaa mbele na uso uliolegea kidogo, na Kahindo alipopita na shela yake shangazi akampa tabasamu la kwanza. Ningekufa dakika ile ningekufa mtu mwenye heshima.

Nyuki walifika wimbo wa pili. Wa kwanza watatu, kisha kumi, kisha ikawa kwaya inaimba sauti nne na wao wanaimba ya tano. (Si mamia, kama mnavyosikia. Walikuwa kama thelathini.) Mama mmoja wa sauti ya kwanza alitoka mbio huku bado anaimba. Mchungaji, mtu shupavu, aliwapunga kwa vitabu vya nyimbo akaendelea, na ndivyo tukafika mahali pa kuuliza kama kuna yeyote anayejua kizuizi cha ndoa hii. Mama Kanyere, ambaye kwa muda alikuwa anawafuata nyuki kwa macho mpaka juu ya tao, akainua mkono.

Kanisa lote likageuka. Kahindo akashika mkono wa Kasereka.

"Juu ya batoto siko na kizuizi," akasema Mama Kanyere. "Kizuizi yangu iko juu ya ile maua."

Mchungaji akavua miwani. "Mama, maua hapana olewa leo."

"Najua. Lakini ile kitambaa ya bluu inaninginia juu ya kichwa ya bibi arusi, agronome, ule bwana shamba, alifungaka mu miti yangu kumi na mbili, ile ya kutoa mbegu. Hakuna mwingine iko nayo mu Beni muzima. Nani alikata kahawa yangu?"

Espérance alinitazama, kisha akatazama viatu vyake, Mungu ambariki. Mama Kanyere akamgeukia Kahindo, na ule uso uliolegea ulikuwa umefungika tena.

"Ni wewe uliomba printemps?"

"Ni mimi, mama," Kahindo akasema. "Ni mimi niliomba maua. Unisamehe."

Alikuwa hajui lolote. Alikuwa amesimama pale katika gauni nililomshonea, anabeba mzigo wangu siku ya harusi yake, mbele ya mwanamke ambaye upendo wake alikuwa anautafuta tangu mahari. Magoti yangu yaliinuka kabla yangu.

"Si yeye. Ni mimi nilikata. Leo asubuhi, kwa makasi ya kushonea."

"Na pale mulangoni uliniambia nini, mukwe?"

"Nilikudanganya."

"Mu kanisa."

"Mu kanisa, mama."

Nyuki mmoja akatua juu ya kipara changu. Niliinua mkono nimpige.

"Muache," akasema Mama Kanyere. "Iko anafuata kahawa yake."

Nikasimama na nyuki kichwani mbele ya kanisa zima mpaka alipoamua mwenyewe kuondoka, na hapo ndipo mama akakaa, akarekebisha kilemba, akasema, "Mchungaji, endelea. Tutamalizia inje."

Ndoa ikafungwa. Petali zilikuwa zinadondoka kwenye Biblia, mchungaji akizipuliza kila mstari.

Nje, chini ya hema, wazee wa pande zote mbili walikuwa tayari kunitoza mbuzi, nami nilikuwa nimeshakubali kwa kichwa. Mama Kanyere akakataa. "Mbuzi hapana zaa kahawa. Mwezi ya kumi, wakati ya kuvuna, mukwe atakuja hapa kuchuma ile miti kumi na mbili, na mikono yake. Na bibi arusi ndiyo atamuchunga."

Watu wakaguna. Kumweka mtoto kumchunga babu yake, ni aibu ambayo kwetu haina jina. Wote walimtazama Kahindo, na mimi nikamtazama, na yeye akaitupa shela yake nyuma ya bega.

"Nitamuchunga, mama," akasema. "Ata kunywa maji ataomba ruhusa."

Mama Kanyere akacheka. Alicheka mpaka akashika bega la Kahindo ili asianguke, na hakuliachia bega hilo mpaka chakula kilipoisha.

Mwezi wa kumi nikaenda. Juu ya miti punje zilikuwa nyekundu na tele, na chini, kwa urefu wa mkono wangu, palikuwa na vijiti tu, kwa hiyo ilibidi nipande ngazi, mimi na goti langu bovu, wachumaji wote wakipita kuniuliza kama nashona au navuna. Kahindo na Mama Kanyere walikaa juu ya jamvi wakichagua punje, bega kwa bega, na kila nikinyoosha mgongo mmoja anamwambia mwenzake, "Angalia, amechoka." Ilikuwa inaniuma, na sikutaka iishe.

Nimejiapiza. Harusi ya mjukuu yeyote aliyebaki nitakuja nimevaa suti na mikono iko mfukoni, wakiniuliza rangi nitasema nzuri, wakiniuliza maua nitasema waulizeni wenye maua. Lakini inaelekea hakuna anayeniamini bado, maana kila mwaka mvua za mwezi wa tatu zikianza simu inalia alfajiri, ni Kahindo, na nyuma yake namsikia mama yule anamnong'oneza maneno ya kusema.

"Koko, mama anasema kahawa imechanua. Anauliza uko wapi."

"Mwambie niko Butembo," ninajibu. "Nimekaa. Watu wananiona."