Kijiti cha Afande

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, katika kambi ya polisi nilikokulia hapa Kampala, tuliambiwa kwamba msichana aliye mwezini akigusa kijiti cha mbio za kupokezana, kijiti kinakuwa kizito na timu nzima inashindwa. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyewahi kukipima. Aliyesema ni Afande Okot, askari mstaafu aliyetufundisha mbio, na neno lake halikuwa na rufaa.

Asubuhi ya kila mashindano alitupanga penye bomba la maji, kijiti amekifunga kwa kitambaa cheupe, akatuuliza mmoja mmoja, wavulana wakisikia. Mpaka leo nikikumbuka foleni ile, masikio yananiwaka.

Siku ninayoisema, mwalimu wa sekondari moja yenye timu nzuri alikuwa amekuja kutazama. Alikuwa ameahidi kuwachukua wasichana wanne wa timu itakayoshinda, wasome na kulala hukohuko. Mimi nilikuwa wa tatu, ninayekimbia kona, na kona hakuna aliyeniweza. Nilikuwa nimeamka na tumbo linasokota. Mama alinipa chai ya moto na kitambaa safi, nikapata nafuu.

"Na wewe, iko sawa?"

"Niko mwezini, Afande. Lakini naweza kukimbia."

"Toka. Enda kaa nyuma ya goli. Na usiangalie, macho pia inaleta mkosi."

Nikakaa, mgongo kwa uwanja, msichana wa akiba akachukua kona yangu. Tumbo lilirudi kuuma, na hakuna aliyeniletea hata kikombe cha maji. Mbio nilizisikia tu. Kisha nikamsikia Afande akipiga kelele, "Munaona? Tumetoa mkosi, tumeshinda!" Mwalimu yule akaandika majina ya wanne waliokimbia.

Rafiki yangu Aber, aliyemalizia mbio, alikuja akachuchumaa kando yangu. Analia.

"Lamaro, mimi pia iko nayo. Tangu jana. Nilimudanganya Afande."

Sikumkasirikia Aber. Yeye alidanganya akaenda shule. Mimi nilisema kweli nikabaki kambini. Hasira yangu yote ilimwendea yule mzee, na bado iko kwake, sioni haya kusema.

Siku hizi nafundisha mbio wasichana wa Kawempe. Nawauliza swali lilelile la Afande, ila faraghani, na majibu nayaandika daftarini. Anayeumwa namweka kwenye mazoezi mepesi. Anayetoka damu nyingi mpaka anaishiwa nguvu namtuma kwa daktari. Anayetaka kukimbia, anakimbia. Ni kazi ndogo mno, na ndiyo inayoniuma zaidi: Afande angeweza kuifanya. Alikuwa na swali sahihi mdomoni, akalitumia kututia aibu.

Mwaka jana alifariki, nami nikaenda msibani. Watoto wake walikuwa wameweka kijiti kile mezani, juu ya kitambaa cheupe, karibu na picha yake. Watu wakasimulia jinsi alivyokilinda na mikosi. Nilingoja waombolezaji wapungue, nikasogea mezani.

Nilikuwa mwezini siku hiyo, siku ya pili. Nikakishika kwa mikono yote miwili, nikakipima. Kilikuwa chepesi.