Mtutu Si Bomba la Maji

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, na hadi leo sijaijutia. Ilikuwa miaka ya tisini, nikichomelea milango na madirisha karibu na steji ya matatu iitwayo Kawangware 56. Mwenye ploti niliyofanyia kazi alikuja na bunduki ya marehemu babake ndani ya gunia. Alitaka mtutu ukatwe uingie chini ya koti, awatishe wapangaji waliokataa kuhama.

Kwangu mimi kijana, bomba lilikuwa bomba tu. Nilishapiga chaki mahali pa kukata ndipo mjomba wangu akaingia. Alikuwa askari wa wanyamapori kabla ya kuuza makaa kule mtaa wa Silanga. Aliifuta ile chaki kwa kidole.

"Unadhani huu urefu waliweka ya urembo?" aliniuliza. "Baruti inawaka risasi ikiwa bado ndani, inaisukuma mpaka mwisho. Ukikata, risasi inatoka kabla haijashika mbio. Moto na kelele zinamwagika nje bure."

Mwenye ploti akacheka, akasema basi atatafuta risasi zenye baruti zaidi. Mjomba akamjibu kwamba kila bunduki ina kipimo chake, na kwamba alishamzika mwenzake aliyekizidisha. Chuma kilimpasukia usoni.

Yule bwana alinigeukia mimi. "Wewe kata. Ama utoe vitu zako kwa ploti yangu leo."

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Sikuwa na kibanda kingine, na mke wangu alikuwa mjamzito. Niliogopa, sikufichi. Lakini hasira ilinipanda kuliko woga.

"Sikati," nilimwambia. "Hii mikono ndiyo ilitengeneza milango ya hao watu. Haiwezi tengeneza kitu ya kuwatoa."

Jioni hiyo wapangaji wenyewe, waliposikia nimefukuzwa, walinibebea vyuma mpaka Silanga, nikaanza upya kando ya makaa ya mjomba. Heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Basi sikia, mwanangu. Anayefupisha njia kisha akaongeza nguvu kufidia, nguvu hiyo humlipukia mwenyewe. Na kazi ya mikono yako ikitakiwa imuumize jirani, ikatae, hata kama anayeitaka ndiye mwenye ardhi unayokanyaga. Mungu akupe mikono isiyokosa kazi, na siku ya kusema hapana, sauti yako isitetemeke.