Kumwinua Mama

Kumwinua mtu mzima ambaye upande wake mmoja umepooza kuna namna yake. Unaweka goti lako katikati ya magoti yake, unapitisha mikono chini ya makwapa yake, yeye anaegemeza kichwa begani kwako, mnavuta pumzi pamoja, halafu unainuka kwa nguvu za miguu, siyo za mgongo. Muuguzi alinionyesha mara moja tu na sikuhitaji kuonyeshwa tena. Nilikuwa na mwili. Pale Igogo, mtaa wa mlimani Mwanza tunapokaa, watu walinitania nikipita, wakisema njia ya mlimani ipanuliwe, nami nilijifanya sisikii. Lakini mwili huo waliokuwa wanaucheka ndio uliomtoa mama kitandani kwenda kwenye kiti, na kwenye kiti kwenda bafuni, kila siku ya Mungu tangu kiharusi kimpige.

Halafu daktari akaniandikia sindano.

Nilikwenda kwa ajili ya kizunguzungu. Wakapima presha, wakapima sukari, daktari akaangalia majibu, kisha akaniangalia mimi kuanzia chini kwenda juu. Akaniuliza nyumbani nakaa na nani. Nikamwambia nakaa na mama, mgonjwa wa kiharusi, mimi ndiye ninayemwinua.

"Mama yako alianza hivi hivi," akasema. "Na wewe ukianguka, nani atamwinua nani?"

Ndiyo maana nilikubali kujichoma tumboni mara moja kwa wiki, dawa ya kupunguza uzito. Alinieleza nitasikia kichefuchefu, hamu ya kula itapungua, na kwamba naweza kupata uchovu kidogo.

Uchovu kidogo! Ningempata aliyeupima huo ukidogo wake ningemkalisha kwenye cherehani yangu asubuhi moja. Nimelima pamba nikiwa msichana, nimelala hoi baada ya palizi, kwa hiyo kuchoka nakujua. Uchovu wa kazi una adabu, ukilala unaondoka. Huu nilikuwa naamka nao. Ulikuwa umelala nami, umeamka kabla yangu, unanisubiri niweke mguu chini. Kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani kulinitoa jasho. Mteja mmoja alinikuta nimelala juu ya sketi yake ya shule, shavu limejaa chaki ya kuchorea, akasimama mlangoni akiita hodi kama aliyefika msibani.

Nilijaribu kila kitu. Nilihamisha siku ya sindano kutoka katikati ya wiki kwenda Jumamosi, ili siku mbaya zaidi iangukie Jumapili, na jumuiyani wakaanza kuuliza mbona sionekani misani. Nilikunywa chai ya rangi nzito yenye tangawizi. Nililamba glukosi mpaka daktari akanigombeza, nina sukari halafu nalamba sukari. Nikajifunza kumenya viazi nimekaa, kupiga pasi nimekaa, kufagia nusu chumba na kupumzika. Nikatembea asubuhi kuteremka mpaka ziwani kama nilivyoagizwa, kwa sababu eti kutembea kunaleta nguvu, lakini aliyeniagiza hakai juu ya mawe. Kurudi nilikuwa nakaa kwenye kila jiwe, na watoto wa shule wananiamkia shikamoo huku wananipita.

"Unachoka kwa sababu huli," daktari aliniambia niliporudi kumlilia. "Kula kidogo kidogo. Mayai, samaki, maharage. Kunywa maji. Dawa ikiondoa njaa, wewe kula kwa saa, usisubiri njaa."

Ni rahisi kusema. Koo langu lilikuwa limefunga mlango. Sato, samaki ambaye zamani nilimla mpaka macho, nikisikia harufu yake inapanda kutoka kwa jirani nilikimbilia nyuma ya nyumba kutapika. Yai lilinikaa kifuani tangu asubuhi mpaka jioni. Nilikuwa nalia jikoni peke yangu, mtu mzima, mbele ya yai.

Na hapo ndipo mama anapoingia, kwa sababu mama hali peke yake.

Hajawahi. Kwetu tulikula sahani moja, ugali katikati, mboga pembeni, mikono yote humo, na mtu aliyejifungia na sahani yake alisemwa vibaya. Baada ya kiharusi, pale hospitali, walimletea chakula chake kwenye bakuli, akafunga mdomo. Mama anaongea Kisukuma, na maneno yake sasa yanatoka polepole, yamepinda, lakini lile lilitoka limenyooka: "Mimi siyo mchawi wa kula peke yangu." Tangu siku hiyo tunakula naye. Nakaa upande wake mzima, namnawisha mkono, namega ugali, naye anamega, nikitafuna anatafuna. Nikiacha kula, anaacha.

Utafanyaje basi? Nikajifunza uongo wa mikono. Namega tonge, nalichovya, nalipeleka mdomoni, nashusha mkono, tonge linaishia kwenye kanga mapajani. Natafuna hewa. Namsifia samaki. Kuku wa jirani walinenepa mwaka huo kuliko kuku wote wa Mwanza.

Shida ilikuwa upande wangu wa ugali. Mama hakupoteza macho. Hata nikificha matonge mangapi, ugali uliobaki ulikuwa mwingi mno kwa jinsi nilivyokuwa namega kidogo, na yeye alikuwa anautazama. Kwa hiyo nikaanza kusonga mdogo. Nilijiona mjanja kweli. Ugali ukiwa mdogo, unaisha, na ukiisha, mama anaona tumekula. Isitoshe, kusonga ugali mkubwa kulikuwa kunanitoa roho, mwiko ulikuwa mzito kama mchi. Nikapunguza, nikapunguza tena. Samaki wawili wakawa mmoja, kisha mmoja mdogo. Mama naye akawa anashiba mapema. Anajifuta mkono, anasema, "Nimeshiba, malizia." Nami, Mungu anisamehe, nilishukuru, kwa sababu akishiba upesi mimi naondoa sahani upesi, harufu inaondoka, nakwenda kujilaza.

Siku tulipoanguka ilikuwa ya kwanza baada ya sindano. Nilikuwa namtoa kwenye kiti. Nikaweka goti, nikapitisha mikono, tukavuta pumzi, nikainuka, na katikati ya kuinuka nguvu zikakatika kama umeme. Sikuteleza. Ziliisha tu. Tukashuka wote wawili taratibu mpaka sakafuni, yeye juu yangu, tukakaa hapo tumekumbatiana. Sikuweza kumwinua, wala sikuweza kujiinua mimi. Nikaita mpaka jirani akaja na shemeji yake, wakatubeba mmoja mmoja. Mama hakuumia. Mimi niliumia mahali ambapo hapapakwi dawa.

Habari ikavuka maji. Mdogo wangu wa kiume analima mpunga Sengerema, upande wa pili wa ziwa, na simu yake ikaja kabla maumivu ya kiuno hayajapoa.

"Dada, namfuata mama."

"Utamweka wapi?"

"Kwangu. Wewe huwezi tena, dada. Sikiliza mwenyewe sauti yako hiyo."

Nilikasirika kwa sababu alikuwa anasema kweli. Lakini naijua nyumba yake. Siku nzima wapo shamba, mke yuko dukani, mama angebaki kitandani akitazama bati mpaka jioni, bila mtu wa kumgeuza, na mgonjwa asiyegeuzwa mgongo wake unaoza. Na angeletewa bakuli. Nani pale ana muda wa kukaa chini amege naye? Nilimwona kabisa mama yangu amefunga mdomo mbele ya bakuli, na watu wanasema mzee hana hamu.

"Nipe muda," nikamwambia. "Nitapata nguvu."

"Nikimaliza kuvuna nakuja. Nikikuta unamwinua mwenyewe, sawa, abaki. Nikikuta huwezi, tunavuka naye kwa kivuko cha Kamanga."

Ule msimu wa mavuno niliishi roho mkononi. Kuacha sindano, nakuwa kama mama. Kuendelea nayo, nampoteza mama. Nilikuwa nachungulia mvua kwa dirisha nikiomba inyeshe, ichelewe kuisha, mpunga wa ndugu yangu ukae shambani. Kusali nilisali vibaya, kama mtu anayegombana sokoni. Sikuomba afya, sikuomba uzima wa milele. Niliomba mikono. Nilimwambia Mungu nipe mikono ya kumwinua huyu mama, mengine yote chukua.

Nikapewa. Ndivyo nilivyoona. Wiki moja tulikuwa tunainuka kwa kutetemeka, iliyofuata tukainuka bila kutetemeka, na mara nikajikuta namtoa kitandani, namfikisha kwenye kiti, na pumzi bado ninazo. Kwenye cherehani nilikuwa bado nasinzia, ngazi za mawe bado zilinishinda, ndoo ya maji bado nilibebewa. Lakini mama niliweza. Nilijieleza kwamba dawa imenizoea, au nimeizoea. Nilijieleza kwamba mapenzi yana nguvu zake. Jumapili moja nikajikongoja mpaka jumuiyani, nikasimama mbele ya watu, nikatoa shukrani kwamba nguvu zinanirudia, wakapiga makofi.

Mimi ni fundi nguo. Mteja akiingia mlangoni namkadiria kiuno kabla hajakaa. Na mama nilikuwa namwogesha kila siku kwa mikono hii.

Ndugu yangu alikuja bila kupiga simu, mchana, anatoka kwenye kivuko, na mfuko wa mchele begani. Alinishika mkono akanitazama usoni. Nilijua anafikiri nini. Huku kwetu ukikonda watu wanahesabu magonjwa kimoyomoyo. Sikumpa nafasi. Nilikuwa na hamu ya kumwonyesha, kama mtoto aliyejifunza baiskeli. Nikamwambia kaa hapo uone. Nikaweka goti, nikapitisha mikono, mama akaweka kichwa begani, nikainuka. Nikamsimamisha, nikamgeuza, nikamkalisha kwenye kiti, nikamtengenezea kitenge miguuni. Nikamgeukia ndugu yangu huku nacheka.

Hakucheka. Alikuwa anamtazama mama.

Akaja, akainama, akamwamkia, kisha akapitisha mkono mmoja chini ya magoti yake na mwingine mgongoni, akamnyanyua juu. Akasimama naye pale katikati ya chumba, amembeba kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala. Mkono wa mama ulitoka kwenye kitenge, na nikauona. Niliuona kwa mara ya kwanza, mkono ambao nilikuwa nimeunawisha asubuhi ile ile.

"Dada," akasema, na sauti yake haikuwa ya kugombana. "Mama hana uzito."

Nilitaka kumwambia ni mimi niliyepata nguvu. Nikakaa kwenye kitanda.

Alimrudisha kwenye kiti, akapiga magoti mbele yake. Akamuuliza kwa Kisukuma kama anaumwa. Mama akatikisa kichwa. Akamuuliza kama hapewi chakula, na hapo mama akakasirika, akanitetea, akapiga mkono wake mzima kwenye paja. Anapewa, akasema. Anapewa vizuri sana. Kisha akashusha sauti, kama vile mimi sipo, akamwambia mwanawe yale ambayo hakuwahi kuniambia, kwa sababu kwetu mgeni haulizi chungu kina nini, na mama tangu augue alijiona mgeni kwangu.

Ilimchukua muda mrefu kuyatoa. Kwamba humu ndani kuna njaa. Kwamba ugali umekuwa mdogo, samaki wamekuwa wadogo, na dada yako anamega matonge halafu anayaficha kwenye kanga, anafikiri mimi sioni, ili mimi nile. Anakonda mbele yangu. Mtoto anakufa njaa kwa ajili yangu, nami ni mzee, chakula kinanisaidia nini. Basi nikawa naacha. Nakula kidogo nasema nimeshiba, ili na yeye apate.

Sikumbuki nilisema nini. Najua nilikuwa chini sakafuni nimeshika miguu yake, namweleza juu ya sindano, juu ya dawa, juu ya koo langu, na chakula kipo, mama, unga umejaa debe, njoo nikuonyeshe, na yeye ananitazama kwa huruma, kama mtu anayesikiliza mgonjwa wa homa. Hakuniamini. Nani angeamini kwamba mtu mwenye unga ndani anajichoma sindano ili asile?

Ndugu yangu alikuwa ameanza kukunja nguo za mama. Alikunja polepole, hakuniangalia, akasema kivuko cha mwisho bado hakijaondoka. Nikainuka kwa kushika ukuta, nikatafuta shali ya mama.

Mama aliona shali, akaelewa. Akamwita mwanawe kwa mkono mzima, akamshika ukosi wa shati akamvuta mpaka sikio lake likafika mdomoni. Hakuwa na nguvu ya kunong'ona, kwa hiyo tulisikia wote.

"Nikiondoka," akamuuliza, "huyu atakula na nani?"