Plaizi ya Kung'olea Risasi

Nakumbuka asubuhi moja kule Kaisho, mvua imekatika, nikiwa kijana mwenye nguvu nyingi na mbishi kupindukia. Nakusimulia leo, mwanangu, kwa sababu umeniomba plaizi ya kung'olea risasi iliyogoma kulia kwenye bunduki yako. Plaizi ninayo. Sikupi. Kaa kwanza.

Nguruwe pori walikuwa wananimalizia maharage, nami nilikuwa na gobole la marehemu baba, lile la kushindilia baruti na gololi ya risasi kupitia mdomo wa mtutu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nililishindilia, mvua ikaninyeshea, likagoma, gololi ikabaki imekwama ndani. Mtu mwenye akili angeuliza namna ya kuitoa. Mimi nilichukua chuma kirefu tulichozoea kutobolea mipini ya majembe, nikakiweka motoni mpaka kikawa chekundu. Nilijiambia kwamba risasi huyeyuka upesi, nitaitoboa kama mpini. Juu ya baruti, mwanangu! Unacheka? Cheka tu.

Gobole lilihitaji mtu wa kulishika lisicheze, nikamwita mama yako. Alikuwa na mimba yako ya miezi saba. Aliketi kwenye kigoda akaukumbatia mtutu, mdomo wa gobole ukiwa karibu kabisa na uso wake. Hakuuliza kitu, maana aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nilipokuwa nakitoa chuma motoni, babu yako mzaa mama, mhunzi wa Nyabiyonza, alitokea kwenye migomba, amekuja kutusalimu. Alituona, lakini hakupiga kelele. Alijua mtu akishtuka mikono yake huenda hovyo. Alisema tu, kwa sauti yake ya kila siku:

"Binti yangu, siku hizi mgeni hapokelewi mzigo?"

Mama yako aliona haya. Alililaza gobole chini, akamkimbilia kumpokea kikapu. Ndipo mzee akanigeukia.

"Shikamoo, baba," nikasema, chuma kingali mkononi.

"Marahaba utaipata baadaye. Kizamishe hicho majini."

Nilikizamisha. Nilipokisikia kikilia ndani ya ndoo, nikaelewa baruti ile ingetufanya nini. Mzee alimimina maji ndani ya mtutu mpaka ukajaa, baruti ilowe isiweze kuwaka. Kesho yake, kwenye kiwanda chake cha uhunzi, alichukua mdeki, ule ufito wa kushindilia, wenye skrubu nchani, akauzungusha polepole mpaka skrubu ikaing'ata gololi, akaivuta ikatoka.

"Ulikuwa na haraka gani," akaniuliza, "na mwanangu amekaa pale?"

Nililia mbele ya mkwe wangu, wala sikujali.

Kwa hiyo, mwanangu, usiibane risasi hiyo kwa plaizi, wala usiigonge kwa nyundo. Kazi hiyo ina kifaa chake, na kifaa hicho kina fundi wake mwenye kibali. Bunduki yako iweke mbali na watoto, usiichokonoe, ukamwite yeye. Na siku yoyote ukiona kazi inamtaka mkeo akae mahali ambapo wewe mwenyewe ungeogopa kukaa, iache.

Ulizaliwa miezi miwili baadaye, ukilia kwa nguvu, nami nikalia kukushinda. Mpaka leo ukibisha hodi hapa nashusha pumzi. Mungu ailinde mikono yako na macho yako, awatunze walio nyumbani mwako, akujalie kuuliza mapema kuliko mimi. Haya, nenda kwa fundi.