Slab ni Jumamosi, na Wageni Nimeshaalika

Admin, nifichie jina tafadhali. Huku kwetu Kalimoni ni kadogo, watu wanajuana hadi kwa kikohozi.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mjane. Nilifanya kazi kiwanda cha nguo Thika hadi magoti yakakataa, nikahamia ploti tuliyonunua na marehemu mzee wangu. Naishi kwenye chumba cha mabati huku nikijenga nyumba ya ghorofa moja hapo kando. Chini nitakaa mimi. Juu atakaa binti yangu akirudi kutoka Qatar, pamoja na mtoto wake ambaye kwa sasa yuko shule ya boarding. Jasho la binti yangu lote liko kwenye hiyo nyumba. Kwa sasa niko peke yangu na kuku. Kuna siku hupita nikiwa nimeongea na hao kuku tu, na msinicheke.

Nilipotafuta fundi, walikuja wawili. Wa kwanza hakutaka hata chai. Alizunguka ploti, akachokora udongo na kijiti, akasema, "Mama, usinipe kazi leo. Enda Juja uone nyumba nimejenga, uongee na wenyewe mimi nikiwa sipo. Uliza kama zinavuja." Nikaona huyu ana madharau. Nani ana nguvu ya kubisha kwa watu asiowajua akiuliza mambo ya kuvuja?

Wa pili anaimba kwaya kanisani kwetu. Alikunywa chai, akaongezwa, akaangalia picha ya mzee wangu ukutani akaniuliza alikuwa mtu wa aina gani. Tangu mazishi hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo. Nikampa kazi papo hapo. Toka siku hiyo hunipigia kila asubuhi. "Mum, umeamkaje? Umekunywa chai?" Jamani, nilikuwa naamka mapema nikae na simu mkononi.

Sasa slab, ile sakafu ya zege ya juu, inamwagwa Jumamosi. Mnajua vile siku ya slab huwa, mwenye nyumba anapikia mafundi na ploti inajaa watu. Nilialika akina mama wa kanisa waje tupike pamoja, na wote wakakubali, hata wale hawajakanyaga hapa tangu matanga. Mbuzi amefungwa hapo nje. Kwa furaha hiyo nikaona nialike pia mama mmoja wa Ruiru ambaye fundi huyu alimjengea. Fundi aliwahi kunionyesha hiyo nyumba tukiwa barabarani, na kwa nje inapendeza kweli. Jumanne nikaenda kubisha.

Nilipoingia sebuleni niliinua macho juu. Slab ya juu imebonyea. Katikati ya viti kuna miti imesimamishwa kuishikilia, na beseni chini ya mahali panapovuja.

"Fundi alitoa mbao za kushikilia slab mapema, kabla zege ishike vizuri, ati zinatakikana site ingine," mama huyo akaniambia. "Nikimpigia hashiki. Kwani wewe ulimpa kazi bila kuuliza mtu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba niliona ananijali kama mamake. Kwamba hunipigia kila asubuhi.

Alinishika mkono. "Hata mimi alikuwa ananipigia, mami. Umeamkaje, umekunywa chai. Siku tulimaliza kazi ndiyo simu ilinyamaza."

Nilirudi nyumbani nikalia kama mtoto, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza nalilia nini.

Jana nilijikaza nikampigia yule fundi wa kwanza. Hakunicheka. Alisema, "Wasimwage hiyo slab kabla mtu mwingine aangalie nguzo na vyuma. Naweza kuja. Lakini hata mimi usiniamini bure, mama. Enda Juja kwanza."

Kwa hivyo la kufanya kuhusu nyumba nalijua. Sitaki mjukuu wangu alale juu ya kitu kama kile nilichoona Ruiru. Lakini nikisimamisha kazi, Jumamosi hakuna mtu atakuja hapa. Fundi ni mtoto wao wa kwaya, na wale akina mama watasema nimemchafulia jina. Nitabaki na mbuzi wangu na sufuria za kuazima. Binti yangu sijamwambia lolote.

Leo asubuhi simu ililia. "Mum, umeamkaje?" Maneno yote nilikuwa nimeyapanga. Nikajikuta nikimwambia nimeamka vizuri, chai iko kwa jiko. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilifurahi kusikia sauti yake.

Kesho atapiga tena, na lazima nimwambie asimamishe kazi. Nishaurini kwa upole, wapendwa, nimwambieje? Na nyinyi mnaoishi peke yenu, simu ikishanyamaza, asubuhi huwa mnaipitishaje?