Kambao Kenye Tuliita Tatu

Nakumbuka ile siku nilimuomba mutoto yangu Faida aniletee tumbao tatu, tule tupande tudogo twa mbao twa kuchezea, akaniletea kamoja, na mi nikaona kila kitu kimeniangukia. Mwanangu, we mwenye unamukalisha mutoto wako ku mukeka na kumufundisha, sogea nikuelezee. Leo naicheka. Ile siku sikucheka.

Ilikuwa ku Dzaleka, kambi ya bakimbizi kule Malawi, ile miaka kambi bado mupya, na kwetu kulikuwa bado kunaitwa Zaire. Tulitokaka Bukavu, mi na Baba Faida na uyu mutoto mumoja. Mvua ya kwanza tu, Faida akashikwa na malaria, ikamupanda mu kichwa. Tukamupeleka ku lopitali ya Dowa, akapona. Lakini dokta aliniambia kitu yenye ilibakia inanichoma: batoto bamoja bakipona ile malaria, kujifunza inabashinda. Akasema nimuangalie. Mwanangu, niliangalia mpaka macho ikachoka. Akijikwaa, nasema njo ile malaria. Akisahau kandambili inje, nasema njo ile.

Baba Faida alikuwa fundi wa kushona. Alikuwaka anaenda Lilongwe, anashona ku baraza ya duka ya Muhindi mumoja mu Old Town, jumamosi anarudi kambini. Mara moja alishonea mama mumoja wa mutaa ya Area 47 marido, mapazia ya nyumba nzima, marido ya maua makubwa, sijaonaka tena kitambaa kama ile, lakini tuiache. Ule mama batoto bake balikuwa bamekomaa, akamupa tumbao twao. Tumbao twenyewe tulikuwa kumi, kila kamoja na rangi yake.

Mi masomo yangu ilikomea darasa ya pili ya primere, lakini kuhesabu najua. Nikajiambia uyu mutoto nitamufundisha mi mwenyewe, hapa ku nyumba, nione kama kichwa yake iko muzima. Kila mangaribi nikishaosha sahani natupanga tumbao ku mukeka, kekundu mbele, ka bulu nyuma yake, halafu ka manjano, kila siku vilevile, juu mi napenda vitu vikae pa nafasi yao. Naweka kidole: moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Faida akashika mbio. Anagusa, anataja, hakosi. Nikaita majirani baje basikie. Hata muntu wa kabaza, wale wa kubeba bantu ku baiskeli, alikuwa anapita, nilimusimamisha asikie. Nilikuwa na raha ya mwenye ametua muzigo.

Halafu ile siku tukacheza jiko. Nikamuambia Faida alete tumbao tatu tuwe mafiga, tuweke chungu. Akaleta kamoja, ka manjano. Nikasema apana, tatu. Akanisukumia kalekale, ananiangalia kama mi njo sisikii. Nikaomba tano. Akaleta ka kijani, kamoja. Nikakaa chini. Nikasema leo imefika, njo ile dokta alisemaka.

Asubuhi nikamufunga mugongoni, nikatia tumbao mu kikapu nikabaoneshe badokta ku lopitali ya Lilongwe. Jirani yetu Bibi Sakina, Muislamu wa Kindu, mama wa biashara, na yeye alikuwa anaenda Old Town kununua chumvi na sabuni za kuuza kambini. Tukapanda minibasi pamoja. Nikamuelezea, halafu nikalia njia yote mu kitenge. Yeye alinishikia kikapu.

Tukapitia kwanza kwa Baba Faida. Kusikia tu, akaacha kukanyaga mashine, akamuangalia mutoto, akainama. Njo Bibi Sakina akakaa chini ku simenti ya baraza, akamwaga tumbao, akatuchanganya, akamuita Faida. Hakumuuliza ngapi. Alichukua ka manjano, akamuuliza:

"Uyu jina yake nani?"

"Tatu."

"Na uyu wa kijani?"

"Tano."

"Na uyu mwekundu, mwenye anajificha nyuma ya muguu yangu?"

"Moja," Faida akasema, na akakacheka.

Akataja tote, vile tulikuwa tumechanganyika, hakukosa hata kamoja. Bibi Sakina akacheka mpaka kilemba ikamufungukia.

"Mama Faida, uyu mutoto haiko mugonjwa. We ulimuletea wageni kumi ku nyumba, ukamuambia majina yao, akabashika bote. Kila siku unamuonesha mumoja, unasema uyu njo Tatu. Sasa ukimutuma akuitie Tatu, akuitie nani mwengine?"

Baba Faida alianza kucheka mbele mi nielewe. Mi nilikuwa bado nageuza yale maneno. Halafu ikaingia. Mwanangu, sijaonaka muntu anafurahi vile juu ameambiwa anafundisha vibaya. Kosa ilikuwa mu mukeka yangu, haikuwa mu kichwa ya mutoto, na ile kosa ningeweza kuibusu.

Bibi Sakina akatoa karanga: moja ya baba, moja ya mama, moja ya Faida. Akasema hizi ni tatu. Faida akaangalia ka manjano, akaangalia karanga. Kisha akauliza, "Hata hizi njo tatu?"

Nikamuambia hata hizi. Akaokota vifungo tatu chini ya mashine ya baba yake. Nikasema hata hivyo njo tatu. Ku lopitali tulienda vilevile, dokta akamupima, akamuchezesha, akasema hana kitu. Lakini mi nilikuwa nimeshapona pale ku baraza. Kurudi, mu minibasi, Faida aliuliza njia yote kama hata hizi njo tatu: mbuzi, bamama na ndoo zao, miti. Mama mumoja wa Malawi, juu kwao pia banasema zitatu, akawa anamuitikia mpaka tukafika kambini.

Basi sikia, mwanangu. Ukimupa mutoto tumbao, tuchanganye. Leo anza na ka bulu, kesho anza katikati. Akishajua tumbao, ahesabu vijiko, ahesabu kuku ya jirani, ahesabu vidole vya baba yake akilala. Usimuombe ataje tu, muombe akuletee. Na akileta kitu yenye hukuomba, usikimbilie kulia. Kaa chini pamoja naye, muulize yeye anaona nini, juu mara mingi iko na sababu yake, na ile sababu njo itakufundisha we. Mujinga usimuite, na usiache mwengine amuite.

Mungu akulindie batoto na kila homa. Akupe masikio ya kubasikia hata siku umechoka. Na ule woga unabeba juu yao, akusaidie uutue njiani, ufike ku nyumba mapaja yako iko wazi, mutoto apate pa kukaa.